Baladiya Hushtakiwa

Kuna kauli inayozunguka kwenye mabaraza yetu ya Kiswahili hapa Maskati, kutoka Seeb mpaka Al Amerat, na husemwa kwa uhakika wa mtu anayehesabu rakaa. Baladiya, yaani manispaa, ikishakataa, imekataa. Ukinyimwa leseni ya duka usibishane, tafuta mtu. Kama huna mtu, tafuta mtu mwenye mtu. Anayeandika malalamiko anajitafutia ubaya. Jina lake litatiwa alama, na hata akishinda, wakaguzi watamwandama mpaka afunge biashara kwa mkono wake mwenyewe.

Wanaosema hivi si wajinga. Wengine ni watu wazima wanaoijua Ruwi duka kwa duka, wengine ni vijana wenye shahada zao. Lakini wamekosea, na wanaolipia kosa lao ni wale wanaowasikiliza. Wamewazoesha watu kufunga wenyewe mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Mlango huo una tarehe. Sheria Kuu ya Dola iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 101/96 ilitamka kwamba kwenda mahakamani ni haki iliyohifadhiwa kwa watu wote. Haikusema Waomani wote. Sheria Kuu mpya, namba 6/2021, imeishikilia haki hiyo hiyo, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya aliyefungua biashara yake hapa kihalali asijione kwamba mazungumzo haya hayamhusu. Kisha ikatoka Amri namba 91/99 iliyounda Mahakama ya Utawala, na kazi yake ilikuwa kusikiliza mashauri ya mtu dhidi ya ofisi ya serikali. Ugomvi wa jirani na jirani, au wa mume na mke, una mahakama zake. Hii ilikuwa ya mtu na wizara, mtu na baladiya. Amri namba 35/2022 iliziweka mahakama zote chini ya Baraza Kuu moja la Mahakama, na mwaka 2025 ikaundwa Mahakama ya Uwekezaji na Biashara, kwa hiyo dawati utakalopelekwa wewe huenda silo alilopelekwa jirani yako miaka kumi iliyopita. Uliza kwanza. Haki yenyewe haijafutwa.

Wengi wanadhani kumshitaki aliyekunyima leseni ni kumwomba hakimu akae kwenye kiti cha mkurugenzi wa Baladiya na aamue mwenyewe duka gani linafaa mtaa gani. Ndiyo maana wanaona ni kazi bure. Hakimu atajuaje mambo ya maduka? Lakini haulizwi hilo. Maswali yake ni mengine. Aliyekataa alikuwa na mamlaka ya kukataa? Alifuata utaratibu uliowekwa? Sababu aliyoitoa ipo kweli, au ukienda mahali penyewe huioni? Kanuni ameisoma sawasawa au ameipindisha? Amekitumia cheo kwa makusudi yasiyokuwa ya cheo hicho? Ofisi ikishindwa swali moja tu kati ya hayo, uamuzi wake unaweza kubatilishwa.

Na lipo jambo ambalo laiti lingejulikana zaidi. Ofisi kunyamaza nako ni uamuzi. Watu wanakaa miezi wakiambiwa "bado, inshaallah", wakaamini kwamba kwa kuwa hawajakataliwa hawana la kulalamikia. Sheria ya mwaka 1999 inaliona jambo hilo kwa jicho jingine: ofisi iliyopaswa kuamua ikaacha kuamua huhesabiwa kuwa imeamua, na inaweza kushitakiwa kwa kimya chake kama inavyoshitakiwa kwa barua yake.

Sasa tuje kwa wasta, yaani huyo "mtu" wa kukuombea, maana yeye ndiye dawa inayouzwa mahali pa rufaa.

Tuseme yupo mama wa Al Khoud anayepika mandazi, vitumbua na sambusa nyumbani kwake. Wateja wamezidi jiko. Amepanga chumba cha duka chini ya jengo, mkataba ameusajili, sijili ya biashara anayo, maombi ameyapeleka kupitia ofisi ya Sanad, wanaowajazia watu maombi ya serikali. Jibu linamjia kwenye simu: maombi yamekataliwa, shughuli haifai mahali hapo. Mtoto wa dada yake anamwambia, "Halati, usijali, mimi namjua mtu." Mtu huyo yuko Salala. Akirudi, ana harusi ya binti yake. Baada ya harusi ni Ramadhani, na Ramadhani nani anafuata mambo ya leseni? Idi inakuja na kupita. Halati analipa kodi ya chumba kilichofungwa, friji alilolinunua limefunikwa shuka. Mwishowe mtu anapiga simu, na anayepigiwa anajibu kwa adabu zote kwamba ataliangalia.

Mpaka hapo hakuna aliyetenda ubaya. Mpwa anampenda halati wake, mtu wa simu hakudai hata baisa moja, afisa hakuwa mkali. Lakini tangu siku ile jibu lilipoingia kwenye simu ya halati, siku zilikuwa zinahesabiwa. Sheria imetaka kwamba kabla ya kwenda mahakamani, mtu apeleke kwanza tadhallum, yaani malalamiko ya maandishi, kwa ofisi iliyokataa au kwa ofisi iliyo juu yake, na apeleke ndani ya muda uliowekwa. Ofisi nayo ina muda wake wa kujibu, na isipojibu kimya chake huchukuliwa kuwa imekataa tena. Hapo ndipo muda wa kufungua kesi unapoanza, nao una kikomo. Simu ya wasta haisimamishi hata siku moja kati ya hizo. Kwa hiyo halati akishachoka kusubiri na kumpata wakili hodari kuliko wote wa Maskati, ofisi haitakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba uamuzi wake ulikuwa wa haki. Itasema tu kwamba mlalamikaji amechelewa, na itakuwa imesema kweli.

Watu husema wasta ni njia ya mkato. Kwa mwenye shauri zuri ni njia ndefu kuliko zote, maana inamla siku zake bila kumwachia karatasi. Kwa mwenye shauri baya huenda ikamfaa, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuione haya.

Tuseme basi wasta amefanikiwa, leseni imetoka. Leseni huhuishwa. Afisa aliyefanya hisani huhamishwa au hustaafu, na anayekuja baada yake anafungua faili na kuona shughuli iliyokataliwa kisha ikakubaliwa bila sababu iliyoandikwa. Atafanya nini? Halati hana hoja ya kumwonyesha, kwa sababu hakuwahi kutoa hoja. Angeshinda kwa tadhallum, faili hilohilo lingekuwa na maelezo ya kwa nini katazo la kwanza liliondolewa, na mrithi wa afisa angekuwa na pa kusimama. Hisani haina kumbukumbu.

Hofu hii najua imetoka wapi, na sitaicheka. Wengi tunaozungumza Kiswahili hapa ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka Unguja, Pemba na bara baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Wazee wetu waliona majumba na maduka yakichukuliwa na serikali, wala hapakuwa na dirisha la kuuliza. Waliobaki kule baada ya hapo waliona mahakama za wananchi zikianza kazi mwaka 1970, mahakama ambazo wakili hakuruhusiwa kusimama kumtetea mtu, na mambo yakabaki hivyo mpaka katikati ya miaka ya 1980. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo anajifunza jambo moja: ukiona karani amekunja uso, ondoka polepole. Walipoitikia wito wa kurudi Omani baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 23, 1970, walikuja na somo hilo vichwani.

Na walikuta tatizo jingine, la lugha. Wengi walikuwa na Kiswahili safi, Kiingereza kizuri, na Kiarabu cha msikitini. Kiarabu cha fomu na waraka kiliwashinda. Wakamtafuta binamu aliyesoma Kairo au mandubu (mwakilishi) wa kampuni aingie nao ofisini. Nathubutu kusema kwamba wasta wa kwanza wa wengi wetu alikuwa mkalimani, na hapakuwa na aibu yoyote kumtumia. Lakini wajukuu wa wazee wale leo wanaandika Kiarabu vizuri kuliko Kiswahili (hilo ni malumbano ya siku nyingine), baadhi yao ni mawakili, na bado wanaishi kwa woga wa babu ambaye hakuweza kusoma barua. Sababu imekufa. Desturi ndiyo iliyobaki inatawala.

Wapo wanaotetea desturi hiyo kwa hoja ya adabu. Omani, wanasema, si nchi ya kugombana. Kuishitaki ofisi ya serikali ni utovu wa heshima kwa dola iliyotupokea. Hoja hii nzito wanaitoa watu wa heshima, kwa hiyo nitaijibu kwa heshima. Mahakama iliyopewa kazi ya kuhukumu ofisi haikuletwa na waandamanaji wala na wafadhili. Imeundwa kwa amri ya Sultani. Anayekwenda huko anatumia kitu ambacho mtawala mwenyewe amekiweka ili kitumike. Wala jambo hili halikuanza mwaka 1999. Mwanachuoni Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ana mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala juu ya mamlaka ya kusikiliza madhalimu, yaani malalamiko ya raia dhidi ya wenye vyeo. Saudia ilianzisha Diwani yake ya Madhalimu mwaka 1955. Na Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa akizunguka mikoani na kupiga kambi, watu wakimpelekea shida zao. Anayesema kwamba kulalamika ni tabia ya Kizungu ameirudishia Ulaya mali isiyokuwa yake.

Tena wanaodhani kwamba kimya ndicho kinacholinda amani waikumbuke Sidi Bouzid ya Tunisia. Desemba 17, 2010, muuza matunda Mohamed Bouazizi alinyang'anywa bidhaa na mizani yake na watu wa manispaa, akaenda ofisi ya gavana kulalamika, hakupokelewa. Akajichoma moto, maandamano yakaenea, na kufikia Februari 2011 moto huo ulikuwa umefika Sohar, hapa Omani. Mwaka huohuo ikatoka Omani sheria ya mabaraza ya manispaa, namba 116/2011, na uchaguzi wa kwanza wa mabaraza hayo ukafanyika Desemba 2012. Nchi ilitambua kwamba watu wanahitaji pa kusemea. Mjumbe wa baraza hawezi kukupa leseni, lakini kumwandikia si wasta, ni kazi uliyomchagulia.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka mbali. San Francisco, mwaka 1880, jiji lilipitisha kanuni kwamba hakuna kufungua duka la dobi katika jengo la mbao bila kibali cha bodi ya jiji. Ukiisoma, ni kanuni nzuri ya kuzuia moto. Karibu maduka yote ya dobi ya jiji hilo yalikuwa katika majengo ya mbao, na mengi yalikuwa ya Wachina. Wachina wapatao 200 wakaomba kibali, wote wakanyimwa. Wasiokuwa Wachina wapatao 80 wakaomba, wote wakapewa isipokuwa mmoja. Mchina mmoja anayejulikana katika kesi hiyo kwa jina la Yick Wo alikuwa amefanya udobi mahali pamoja kwa miaka 22 na alikuwa na hati za wakaguzi kwamba jengo lake ni salama. Akaendelea kufua, akatozwa faini, akakataa kulipa, akafungwa. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki: sheria inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi na ikatekelezwa kwa jicho baya na mkono usio sawa, na hapo ni batili. Hakuwa raia. Hakuwa na mtu. Alichokuwa nacho ni hati za wakaguzi na hesabu ya waliopewa na walionyimwa.

Hesabu ya namna hiyo inawezekana hata hapa, bila kumtia mtu makosani. Kama shughuli yako imekataliwa kwa kuwa "haifai mahali hapo", tembea barabara hiyohiyo. Je, jengo la tatu lina mkahawa? La tano lina kibanda cha mishkaki? Wamepewa leseni ya aina gani? Hilo ni jambo la kuandika ndani ya tadhallum, kwa majina ya barabara na namba za majengo, na ofisi italazimika kueleza tofauti. Huenda tofauti ipo. Basi itajwe. Kenya wamefika mbali zaidi katika hili: Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, inampa aliyedhurika na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya kuitekeleza ikatungwa mwaka 2015.

Sitaki nimdanganye mtu. Makatazo mengi ni halali. Kiwanja kilichopimwa kuwa cha makazi hakigeuki kuwa cha biashara kwa sababu wewe umelipa kodi ya miezi mitatu mbele. Hiyo ulitakiwa uisome kwenye mulkiya (hati ya milki) na krooki (ramani ya kiwanja) kabla ya kusaini mkataba. Sheria ya uwekezaji wa mtaji wa kigeni, namba 50/2019, imemfungulia mgeni mambo mengi, lakini ipo orodha ya shughuli zilizotengwa kwa Waomani, na rufaa haitaifuta. Aliyekataliwa kwa kukosa kibali cha Ulinzi wa Raia akatafute kibali, asitafute hakimu. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua wewe uko kundi gani mpaka uione sababu, na anayekimbilia simu haioni sababu kamwe. Hata tadhallum iliyoshindwa ina faida hiyo: inakurudisha na jibu linalokuonyesha cha kurekebisha.

Gharama nazo zipo. Wakili si bure, na kufungua kesi hakusimamishi katazo. Duka linabaki limefungwa mpaka mahakama itoe uamuzi, isipokuwa ukiomba ndani ya madai yako utekelezaji usimamishwe na mahakama ikakubali. Kwa biashara ndogo ya vitumbua huenda kesi isilipe. Lakini tadhallum ni karatasi moja ya Kiarabu, na wengi hawakufika hata hapo.

Na kisasi? Siwezi kumwapia mtu kwamba hatakutana na mkaguzi mwenye kinyongo. Naomba tu tufikiri vizuri nani yuko hatarini zaidi mbele ya mkaguzi huyo. Mwenye faili lenye tarehe, namba na sahihi anaweza kuonyesha kwamba ziara za ukaguzi zilianza wiki moja baada ya kushinda kwake, na kutumia cheo vibaya ni miongoni mwa sababu zilezile ambazo hakimu anaruhusiwa kuzitazama. Aliyepita mlango wa nyuma hawezi kulalamika juu ya lolote. Ataanza kueleza kutoka wapi?

Basi wewe uliyekataliwa wiki hii, hifadhi lile jibu: lipige picha, likiwa na tarehe na namba ya maombi. Siku hiyohiyo uliza ofisini, au kwa wakili, muda wa tadhallum ni siku ngapi, uuandike ukutani. Kisha andika kwa ufupi. Usieleze kwamba una watoto sita na mume mgonjwa. Mungu atawasaidia, lakini hilo si swali la sheria. Taja namba ya maombi, sababu uliyopewa, kwa nini sababu hiyo si sahihi, na unachotaka kifanyike. Ambatanisha mkataba, krooki na vibali ulivyonavyo. Ukipeleka, usiondoke dirishani bila muhuri wa kupokelewa au namba ya kumbukumbu. Ukishakuwa nayo mkononi, mpigie simu huyo mtu wako ukipenda.